Kifaranga, Jogoo na Waliobaki Kaunta

Jumatatu, 4 Machi
Nimepewa kazi ambayo huenda ikawa ya mwisho kabla sijastaafu. Shirika litanunua ndege sita za jeti kwa ajili ya safari fupi. Hizi za sasa, za viti hamsini, zimezeeka. Fundi Mkuu anasema zinakula vipuri kama mchwa. Zinazoshindana ni mbili: moja ina viti sabini na sita, nyingine mia. Wauzaji walileta mifano ya plastiki ikawekwa kwenye meza ya mkutano, na kabla ya chai ofisi nzima ilikwisha zibatiza. Ndogo ni Kifaranga, kubwa ni Jogoo. Upuuzi! Na sasa mimi nami nimeandika hivyo.

Mkuu wa Mipango kanigeukia. "Mwalimu, tuandikie ripoti iliyonyooka. Bodi haisomi mafumbo." Niliacha chaki miaka ishirini na miwili iliyopita, lakini hapa bado ni Mwalimu. Sidhani kama yuko anayelijua jina langu, ila mtunza mishahara.

Bodi itakaa Ijumaa tarehe 22, saa tatu asubuhi. Kanuni yangu haijabadilika: mwandishi wa kamati huandika yaliyosemwa. Haongezi, hapunguzi.

Jumatano, 6 Machi
Kutwa kikaoni. Niandike nilivyoelewa, maana nikielewa mimi Bodi itaelewa.

Jogoo ana gharama ndogo kwa kila kiti. Marubani wawili, wahudumu wawili, sawasawa na Kifaranga, na anabeba watu ishirini na wanne zaidi. Lakini ni nafuu akijaa tu. Asipojaa, unarusha viti vitupu, na kiti kitupu hakilipi nauli. Kifaranga ana gharama ndogo kwa kila safari. Unaweza kumrusha mara mbili kwa siku mahali ambapo Jogoo angekwenda mara moja. Tena anatosheka na njia fupi ya kurukia.

Mkuu anamtaka Jogoo. Fundi Mkuu anamtaka Kifaranga. "Mzee, wewe unanunua suti ya harusi uvae shambani," akamwambia Mkuu. Mkuu akajibu kwamba heri suti kubwa, mwili utakua. Watu wakacheka. Nikaandika: "Wajumbe walitofautiana."

Nyumbani saa kumi na mbili. Nimepika vikombe viwili vya mchele. Miaka minne tangu Mama Watoto aondoke, na mkono bado unapima viwili.

Alhamisi, 7 Machi
Dada amepiga simu. Yeye ndiye pekee aliyebaki wa kuniita Kidole, kwa sababu utotoni niliwanyoshea watu kidole kila walipokosea. "Kidole, utakuja mwezi huu?" Nikamwambia nitakuja tarehe 20, kama kawaida yangu. Akasema niende na balbu, ya barazani imeungua. Nikamuuliza yeye balbu ya nini, na macho yenyewe yale. "Ya wageni," akasema. "Watajuaje kama nipo?"

Nilipoweka simu ndipo nilipofungua jedwali la viwanja. Sikuwa nimelitazama kwa jicho la ndugu. Uwanja wa mji wa Dada: njia ya kurukia mita elfu moja na mia tano. Kifaranga, ndiyo, hata wakati wa joto. Jogoo, hapana. Akichaguliwa Jogoo, kituo kinafungwa.

Kutoka hapa kwangu hadi kwa Dada ni dakika hamsini hewani, saa kumi na moja kwa basi. Kila baada ya miezi miwili huja kuchomwa sindano ya macho. Daktari alisema wazi: akikosa sindano mbili, mwanga uliosalia nao utakwenda. Ana miaka sabini na tisa na mgongo uliopinda. Basi hawezi.

Jumanne, 12 Machi
Binti wa Takwimu ameleta hesabu za abiria. Mtu makini, kompyuta haimtoki mapajani. Mji wa Dada: wastani wa abiria arubaini na mmoja kwa ndege. Kuna uwanja mkubwa wa jirani, mwendo wa saa nne kwa gari kutoka hapo. Huko abiria thelathini na watano. Mkuu alitaka kuwaunganisha wote kwenye uwanja huo mkubwa wapande Jogoo mmoja. Lakini arubaini na mmoja na thelathini na watano ni sabini na sita. Robo ya Jogoo tupu! Fundi Mkuu akapiga meza. "Sabini na sita! Hivyo ndivyo viti vya Kifaranga. Hata Mungu ameshapiga kura." Mkuu alionekana kukata tamaa.

Mimi kichwani namba moja ilinikera. Arubaini na mmoja. Mwezi Novemba niliachwa uwanjani pale kwa Dada, nami si peke yangu. Tulikuwa zaidi ya kumi. Mchana joto hupanda, hewa huwa nyepesi, na kwa njia fupi ile ndege haiwezi kupaa na mzigo wote. Kwa hiyo kaunta hufunga mlango ikifika arubaini na mbili. Wengine huambiwa imejaa.

Arubaini na mmoja si idadi ya wanaotaka kusafiri. Ni idadi ya waliokubaliwa na joto!

Binti amehesabu waliopanda. Waliobaki nani kawahesabu?

Jumatano, 13 Machi
Nimempigia karani wa kaunta kule. Mama mmoja mwenye sauti ya kukwaruza, namfahamu kwa miaka. "Waliobaki? Mbona ninao wote, Mwalimu. Nawaandika kwenye daftari, la sivyo kesho yake wanapigana hapa kama kuku." Daftari la shule, la mistari. Kila anayeachwa huandikwa jina lake lote, ili kesho apewe nafasi kabla ya wengine. Wengi hawarudi, hukata tamaa wakapanda basi, au huiacha safari. Daftari halikuwahi kuombwa na mtu yeyote wa makao makuu. "Nyie huko mnataka ya kompyuta tu."

Nikamwomba anisomee miezi mitatu, bila wale waliopanda kesho yake. Alisoma, nikahesabu. Simu ilipata moto sikioni. Wastani wa waliopotea ni kumi na tisa kwa kila ndege.

Arubaini na mmoja na kumi na tisa. Sitini!

Nimelala mchana kidogo, jambo nisilolifanya. Nilikuwa na furaha. Sitini ni mji wa maana. Nani atafunga kituo cha watu sitini?

Ijumaa, 15 Machi
Nimeyafanya kwa mikono yangu mwenyewe.

Niliomba nafasi ya kusahihisha namba. Nikaeleza joto, njia fupi, daftari. Binti wa Takwimu aliinamisha kichwa; akasema ni kweli, kosa ni lake, alipima maji ya mtungi kwa kutazama kikombe. Nilimheshimu. Fundi Mkuu alinitazama tu, wala hakutabasamu, na sikujua kwa nini.

Mkuu akachukua kalamu. Sitini na thelathini na watano. Tisini na watano.

"Tisini na watano, jamani! Jogoo huyo kajaa!" Akasimama akaja kunishika mkono. "Mwalimu, kumbe ndiwe uliyekuwa na ufunguo, na umenyamaza wiki nzima."

Wakapitisha. Jogoo, na mji wa Dada ufungwe, abiria wake sitini wapandie uwanja wa jirani. Nami nikaandika: "Wajumbe walikubaliana."

Kwenye ngazi Fundi Mkuu alinisubiri. Hakukasirika, na hilo liliniuma zaidi. "Namba yako ni ya kweli, Mwalimu. Lakini ungeniuliza kwanza itafanya nini." Kisha akasema jambo jingine, akiwa amekwisha nipa mgongo: hao sitini, nani amewauliza kama watakwenda saa nne kwa gari ili wapande ndege ya dakika hamsini?

Nani amewauliza. Hakulisema kikaoni. Basi si la ripoti.

Jumapili, 17 Machi
Sikutoka. Mwanangu alipiga simu kutoka aliko, dakika tatu. Aliuliza afya, nikasema njema. Nikauliza wajukuu, akasema hawajambo. Halafu kila mmoja akangojea mwenzake aage.

Jumanne, 19 Machi
Ripoti imekwisha. Kurasa kumi na moja, safi. Imebaki sahihi yangu, na kuikabidhi kwa mkono Ijumaa kabla ya saa tatu.

Ukurasa wa tisa nimeusoma mara sita. "Abiria sitini wa kituo kitakachofungwa watatumia uwanja wa jirani." Sentensi haina doa. Haina ukweli pia. Au angalau haujulikani. Sentensi moja tu ingetosha: kwamba kamati haikuchunguza wangapi watakubali safari hiyo ya gari. Si uongo. Si kutia chumvi. Lakini haikusemwa na mjumbe yeyote, na anayeiandika ana dada yake kule. Ningemkuta mwingine akifanya hivyo ningemwitaje?

Nimenunua balbu.

Jumatano, 20 Machi
Kwa Dada. Nimepanda kiti nikafunga balbu, naye ameshika mguu wa kiti kana kwamba bado nina miaka sita. Nyumba yake anaiona kwa mikono: meza, kona, ndoano ya kanga, mtungi. Ndiyo maana hataki kuhamia kwangu. "Kwako nitakuwa kipofu," husema. "Hapa simo gizani."

Nilimwambia. Nilimweleza yote, hata kwamba namba niliileta mimi. Aliendelea kuchambua mchele, vidole vikipata mawe ambayo mimi mwenye macho nisingeyaona.

"Ilikuwa namba ya kweli?"

Ndiyo, Dada.

"Basi usiililie." Akatupa jiwe. "Lakini, Kidole, tangu utoto wewe huona kosa, ukishalionyesha unakwenda zako. Hujapata kungoja uone aliyeonyeshwa anafanya nini."

Kisha akauliza kama balbu inawaka. Nikamwambia inawaka.

Alhamisi, 21 Machi. Uwanjani
Saa nane na robo. Nyuzi thelathini na tano. Ndege imekuja, inaonekana hapo nje ikipakiwa mizigo. Tiketi yangu ni ya mfanyakazi, na mfanyakazi ndiye wa kwanza kushushwa. Karani amenitazama juu ya miwani: "Mwalimu, leo ni wewe." Akafungua daftari. Nimeliona kwa macho yangu: jalada limefungwa kwa plasta, majina kwa wino wa rangi tatu. Nami nimeandikwa, wa kwanza wa leo, jina langu lote. Chini yangu kumi na wawili.

Ripoti imo mfukoni mwa mkoba. Haina sahihi. Bodi kesho saa tatu, na basi la leo liliondoka alfajiri!

Karani anasema rubani amekubali kungoja nusu saa. Wingu linakuja upande wa mlima. Joto likishuka nyuzi mbili, kutakuwa na nafasi moja, na daftari ndilo litakaloamua.

Saa nane na nusu. Nyuzi thelathini na nne. Tumekaa kwenye mabenchi, kumi na watatu, kama watoto waliofukuzwa darasani. Hakuna anayesema na mwenzake.

Nimesimama. Sijui niliamua saa ngapi. Nimemwendea bibi aliyekaa mwisho wa benchi, nikamwamkia, nikamuuliza: ndege ikihamia uwanja wa jirani, utakwenda? "Saa nne kwenye gari lile, baba? Na nyonga hii? Heri nibaki niugulie kwangu." Nimeandika: hapana. Mfanyabiashara wa nguo: atapanda basi moja kwa moja, kuna faida gani? Hapana. Mwalimu wa kike, mwenzangu: ndiyo, shule ikimlipia. Askari aliye likizo: ndiyo. Mume na mke wenye mtoto mchanga wametazamana kwanza. Hapana, hapana. Mwanafunzi wa chuo: nauli ya gari ataitoa wapi? Hapana. Mzee mwenye bahasha ya picha za kifua alinijibu kwa swali. "Wewe nani unayeuliza? Miaka yote tunabaki hapa, hatujaulizwa."

Nikamwambia mimi ni mwandishi tu. Nikasita. Nikamwambia nina dada hapa.

"Basi andika hapana," akasema. "Andika kwa herufi kubwa."

Wanane. Ndiyo mbili, hapana sita. Wamebaki wanne, wawili wamekwisha geuza miili yao kunielekea, wanangoja zamu. Kivuli cha wingu kimepita juu ya njia ya kurukia.

Karani ameinuka kwenye kaunta na daftari mkononi. Thelathini na tatu. Nafasi moja. Anaita jina langu, lote, la kwanza na la baba na la babu — sijalisikia likiitwa hivyo tangu msiba wa Mama Watoto — naye rubani ameshika mlango.

Bado wanne. Kalamu bado i mkononi, nami nimemgeukia wa tisa.