Chupa ya Mwanamvua

Jumatano, 4 Aprili 1951
Mvua tangu alfajiri. Watoto wote wa Chole wanakohoa! Foleni ya akina mama imejaa baraza ya dispensari, na dresa, mtoa dawa, ni mimi peke yangu. Afadhali dawa mpya ya kikohozi imefika juzi. Kila mama kaja na chupa yake kama kawaida — ya soda, ya siki, ya mafuta ya nywele. Zamani nilikuwa nakata karatasi ya meno ya kuonyesha dozi, ya kila chupa peke yake, baada ya kupima kwa maji. Siku hizi nakata zote kwa kipimo cha chupa ya soda, nabandika kwa uji wa muhogo, basi. Jino moja asubuhi, jino moja jioni. Miaka miwili sasa, hakuna aliyedhurika.

Jumamosi, 7 Aprili
Mwanamvua, mke wa Mzee Zahoro msuka majamvi, kapita kunishukuru. Mwanawe Saburi hakohoi tena, analala mchana kutwa. Nilifurahi, nikamwambia aendelee.

Jumatatu, 9 Aprili
Saburi kafariki. Miezi kumi.
Nimekwenda kuzika. Watu wanasema degedege. Mtoto wa degedege hukakamaa na kutetemeka — huyu alilala tu, hakuamka. Zahoro alinishika mkono makaburini, akanishukuru kwa kujitahidi.

Jumatano, 11 Aprili
Barua kutoka Dar. Dawa ya kikohozi ya watoto irudishwe yote, upesi. Ni kali mara nne kuliko ile ya zamani. Haifai kupimwa kwa karatasi, ila kwa kigilasi chenye mistari. Ikizidi, mtoto hulala na pumzi hupungua.
Nikakumbuka chupa ya Mwanamvua. Pana, ya mafuta ya nazi. Nimetafuta ya namna ileile, nimebandika karatasi yangu, nimetia maji jino moja, nimeyamimina kwenye kigilasi. Mara tatu ya kipimo! Nikarudia, nikarudia tena. Jibu ni lilelile.
Nimemuua mimi. Nimeliandika neno hili, nimelisoma, halibadiliki.

Alhamisi, 12 Aprili
Nimezunguka nyumba zote. Chupa kumi na moja niligawa, nimepata kumi, na watoto wa nyumba hizo wazima, alhamdulillahi. Nawaambia dawa imeharibika. Uongo unanitoka bila taabu, mwenyewe nimeshangaa.
Ya kumi na moja haipo. Mwanamvua anasema kampa mdogo wake Mboni, aliyekuja msibani kutoka Soga na mtoto anayekohoa. Dawa ilibaki nusu, akaona dhambi kuimwaga. Mboni kaondoka jana baada ya hitima.
Nilitaka kwenda peke yangu. Zahoro akakataa, akasema siijui nyumba na njia zimejaa maji. Ningemkataza kwa neno gani?

Ijumaa, 13 Aprili. Stesheni ya Soga
Lori hadi Kisarawe, miguu hadi Pugu, kisha gari moshi. Zahoro kanibebea mkoba njia nzima. Anaumwa goti.
Tumefika watu wanatoka msikitini. Mtoto ni Sikudhani, mwaka na nusu. Mboni alikuwa anafua uani, ametulia, anasema mwanawe kapata usingizi mzuri. Midomo ya mtoto imeiva rangi ya zambarau! Pumzi kumi tu kwa dakika. Nimemfinya nyayo, nimemmwagia maji, akalia kidogo, nikatamani kuibusu sauti ile. Tumemnywesha kahawa chungu tone kwa tone.
Sasa tunangoja gari moshi la Dar, hospitali. Halijaonekana. Nimewaambia asiachwe alale hata kidogo, atembezwe, atikiswe. Zahoro kambeba begani, anakwenda na kurudi ukingoni mwa reli, anamwimbia. Mimi nahesabu pumzi na kuziandika humu nimwonyeshe daktari. Kumi. Tisa. Kumi.
Mboni kakaa kando yangu na chupa mapajani. Kwa muda mrefu anaitazama karatasi. Halafu, polepole:
“Bwana dresa, Saburi naye alikunywa hii hii?”
Naandika ili nisiinue uso. Tisa.
Zahoro amesikia. Ameacha kuimba. Amesimama mbele yangu, naziona ndala zake, na mtoto ametulia begani — Zahoro asisimame, lazima atembee, nimwambie atembee