Nilikwenda Kumuuliza Baba

Mwalimu,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini siwezi kukuandikia bila salamu. Ni mimi Aikande, mpiga chapa wako wa Majengo.

Imepita miezi minane tangu tukuzike kule Machame. Sikulia mazikoni, na watu waliliona hilo. Dada mmoja wa kwaya aliniuliza kama kweli nilikuwa mwanafunzi wako. Muda ule nilikuwa nawatazama wanaume wakipokezana koleo, nikajikuta nachagua ni yupi kati yao angefaa kuisimulia siku ile. Wewe ndiye uliyenizoeza hivyo, basi usinilaumu.

Mashine bado iko barazani kwangu. Ng'ambo ya barabara limefunguliwa duka la kompyuta, na wateja wa kadi za harusi wamehamia huko. Waliobaki ni wenye barua za kuomba kazi na wazee wa mashauri ya mashamba. Utepe wa wino siku hizi mpaka niagize Arusha. Sina la kulalamika.

Nimekaa kukuandikia kwa sababu uliondoka katikati ya jambo, na najua hukupenda jambo liachwe katikati.

Unakumbuka siku ya kwanza? Ofisi ya ushirika ilikuwa imetupunguza kazini, wapiga chapa wote kwa barua moja ambayo niliichapa mwenyewe. Nikanunua mashine yangu ya zamani, nikapanga chumba Majengo, nikakaa barazani. Ukaja na mwavuli wako na daftari la mchezo wa redio, ukaniambia nichape nakala mbili. Ulipokuja kuchukua ulisoma ukiwa umesimama, ukafika ukurasa wa nne, ukaniangalia juu ya miwani. "Umekula sentensi yangu."

Ilikuwa kweli. Uliandika kwamba yule mama alikuwa na huzuni kubwa moyoni. Nikakujibu kwamba ameshasukuma sahani bila kula na ameshamwita mwanawe kwa jina la marehemu, kwa hiyo tunajua ana huzuni. Nilidhani utadai nichape upya. Ulikaa kwenye benchi, ukauliza, "Na wewe huandiki?"

Nikasema mimi nachapa.

"Sikuuliza hilo."

Hivyo ndivyo nilivyopata mwalimu nikiwa na miaka thelathini na minne. Ulikuwa unateremka kila Alhamisi. Wiki ya kwanza ulinifundisha kujua mtu wangu anataka nini na nani anamzuia, na ukanikataza kuandika hata mstari mmoja kabla ya kuyajua hayo mawili. Wiki nyingine ulinituma sokoni Kiboriloni nikasikilize wanawake wakibishania mkungu wa ndizi, nirudi na maneno yao yenyewe, siyo ninayodhani walisema. Niliporudi na mazungumzo ambayo kila mmoja anajibu swali aliloulizwa, uliyakata yote. Watu hawaongei hivyo, ulisema, kila mmoja ana lake kichwani. Nilipoandika kwamba machozi yalimwagika kama mvua, uliuliza, "Mvua ya wapi? Ya Machame au ya Same?" Nilikasirika siku mbili. Tangu hapo sijaazima mfano wa mtu.

Swali lako kubwa lilikuwa moja: "Umesimama wapi?" Yaani ni nani anayeona haya ninayoyaeleza, na amejuaje. Nilidhani nimelielewa.

Halafu nikaandika hadithi ya baba.

Ulijua habari yenyewe. Bei ya kahawa ilipoanguka na dawa za mibuni zikawa kila mtu ajitafutie, baba yangu kule Masama aling'oa mibuni yote ya kihamba chetu, shamba letu la ukoo, ile aliyoipanda babu, akaweka nyanya. Mama alisimama mlangoni akitazama, analia. Mwaka uliofuata mama akafariki. Mimi nilikuwa mjini, niliyapata haya kwa kusimuliwa, lakini niliyaandika kama niliyeyaona. Nilimfanya baba kuwa mtu wa pombe na shoka. Nikabadilisha jina lake, nikaacha vilevile mguu wake unaochechemea, kofia yake ya sufu, na lile tangi la maji lililopasuka kando ya mti wa kwanza.

Ulisoma, ukanirudishia bila alama hata moja ya kalamu. "Huyu mzee hana sababu," ulisema. "Anang'oa kwa sababu wewe unataka ang'oe. Nenda kamuulize."

Nikakuambia namfahamu baba yangu.

"Basi utakuwa umemfahamu vizuri zaidi ukirudi."

Sikwenda. Niliituma redioni kwenye kipindi cha hadithi za wasikilizaji, bila kukuaga. Hiyo ndiyo aibu yangu, na niliwahi kukuambia nusu yake tu. Nusu ya pili ni kwamba nilifurahi. Jumapili ile hadithi iliposomwa, nilikaa na redio mapajani, nikasikia maneno yangu kwa sauti ya mtu mwingine, nikawa na furaha ambayo sijaipata tena. Sikumfikiria baba hata mara moja.

Masama nzima ilimtambua. Baba aliacha kwenda kanisani. Mwanzoni mwa Desemba kaka yangu akaniletea ujumbe barazani, hakukaa hata kunywa chai: "Baba amesema Krismasi usipande."

Huhitaji kuelezwa maana yake, sikukuu ambayo kila mtu wa kwetu hupanda nyumbani mlimani. Watu walikuwa wanashuka kwenye mabasi ya Dar na mabegi yao, wanapita mjini wakielekea juu, na mimi nawatazama kutoka barazani. Bi Mwanaidi, mwenye nyumba wangu, aliniletea pilau siku ya sikukuu na hakuuliza kitu. Nilikula. Mchana nilichapa orodha ya vitabu vya shule ambayo hakuna aliyeihitaji kabla ya Januari.

Wewe ulikuja baada ya mwaka mpya. Hukunisema. Ulisema tu nivae viatu vya kutembelea. Njiani uliniambia neno moja ambalo nimelishika mpaka leo: nisiombe msamaha kwa kuandika, niombe msamaha kwa kutouliza.

Baba alikupokea kwa sababu wewe ni mgeni na ni mzee mwenzake. Mimi hakuniangalia. Mke wa kaka alileta mtori, mkala, mkaongea habari za ng'ombe mpaka nikadhani umesahau kilichotuleta. Kisha ukaweka bakuli chini, ukamwambia, "Huyu mtoto ana swali."

Nikauliza. Nilisema, "Baba, kwa nini uling'oa?"

Alipojibu alikujibu wewe, siyo mimi. Alisema mguu wake ulipoharibika, mama ndiye aliyekuwa anabeba bomba la kunyunyizia dawa. Alibeba mgongoni misimu mitatu. Akaanza kukohoa. Baba akamkataza, na mama akawa anaamka mapema kabla yake, anakwenda kunyunyizia, kwa sababu aliiona mibuni inakauka na hakuvumilia. "Ningemzuiaje?" alisema. "Nikaona nisimwachie kitu cha kunyunyizia."

Halafu akasema, bado akikutazama wewe: "Redioni wamesema alilia. Ni kweli alilia. Hawakusema na mimi nililia, nyuma ya tangi, na yeye ndiye aliyekuja kunitoa."

Mwalimu, nilikuwa na umri wa miaka thelathini na sita na sikuwa najua hilo kuhusu wazazi wangu. Nilipiga magoti kwenye sakafu ya saruji nikamwomba msamaha kama ulivyonielekeza. Hakusema amenisamehe. Alisema giza linaingia, mzee wa watu asicheleweshwe.

Tuliteremka. Nilitegemea useme kitu kuhusu hadithi. Uliongea habari za mwavuli wako, kwamba umeanza kuvuja.

Niliandika upya kwa miezi mitano. Mara hii nilisimama mahali nilipokuwa kweli: mjini, binti anayesimuliwa, asiyeuliza. Mwisho ulinisumbua. Nilikuletea kurasa ukiwa tayari mgonjwa wa kitandani, na mkeo Mama Neema akakushikia ubao mgongoni uweze kukaa. Ulisoma kwa siku mbili. Ulikata aya ya mwisho yote, ile ambayo binti anaeleza alichojifunza, na pembeni ukaandika: "Wanajua." Wiki iliyofuata tulikuzika.

Sasa nikueleze usiyoyajua.

Nilipanda Masama mwezi mmoja baada ya mazishi, peke yangu. Nilimwambia baba nimeandika tena, na kwamba haitatoka nje mpaka aisikie. Akavuta kiti karibu na dirisha. Nilimsomea yote, bila aya uliyoikata. Katikati nikanywa maji, nikaendelea. Nilipomaliza aliniambia nirudie pale mama anapobeba bomba. Nikarudia. Akasema, "Halikuwa la bluu. Lilikuwa la shaba. Alikuwa analisugua kwa majivu mpaka linang'aa."

Nikasahihisha pale pale kwa kalamu, akiwa ananitazama.

Hakuna kingine alichosema. Lakini Novemba kaka alishuka tena na ujumbe, na safari hii alikaa akanywa chai. Baba anauliza nitapanda lini, mbuzi wa sikukuu achinjwe nikiwepo. Nilipanda. Sitakusimulia mengi, ilikuwa Krismasi kama nyingine, watoto wengi na moshi jikoni. Jirani mmoja alianza kunitania kuhusu redio, baba akamkatiza: "Mwache, anafanya kazi yake."

Hadithi sijaituma popote bado. Sina haraka nayo.

Jambo la mwisho. Juzi Mama Neema aliteremka mjini akaniletea daftari lako la mchezo ambao hukuumaliza. Anataka niumalizie upelekwe redioni, anasema mimi ndiye ninayejua ulivyofikiri. Nimeusoma mara tatu. Kweli nadhani najua ulikokuwa unaelekea, na ningeweza kukuandikia mwisho ambao hakuna ambaye angeutilia shaka.

Nimemwambia hapana. Nilijaribu kumweleza kwamba wewe siwezi tena kukuuliza, akanielewa nusu, akalia kidogo, kisha akauliza basi nitalifanyia nini hilo daftari. Hii ndiyo ahadi yangu kwako: nitalichapa kama lilivyo, nakala mbili, pamoja na makosa yako ya tahajia, na nikifika pale kalamu yako ilipoinuka nitatoa karatasi kwenye mashine.

Pumzika, Mwalimu. Mama Neema hajambo. Nitakwenda kumtazama Alhamisi.

Mimi mwanafunzi wako,
Aikande