Makungwi Wanataka Mtafiti Mwenzangu Achezwe Kwanza

Mpendwa Dada Aurelia,

Naomba unisaidie, maana wiki nzima nimekuwa nikijiomba ushauri mwenyewe na kila asubuhi najipa jibu jipya. Mimi ni binti wa Nachingwea, nimesoma afya ya jamii mpaka chuo kikuu, nimerudi nyumbani, na kuna taasisi imetangaza ruzuku ndogo ya utafiti wa awali kwa vijana wanaotaka kuchunguza afya za watu wa vijijini ambako huduma hazifiki vizuri, nami hata kabla sijamaliza kusoma tangazo nikajua hiyo ni yangu.

Wazo langu ni hili. Huku kwetu msichana hufundwa na makungwi, na neno la kungwi halisahauliki, kwa hiyo nataka tujaribu kuona kama makungwi wakiongeza katika mafundisho yao dalili za hatari kwa mjamzito, kama kutokwa damu, kuvimba uso na kuumwa kichwa mpaka macho yaone giza, akina mama watawahi zahanati badala ya kusubiri. Na kwa kuwa Kilimarondo sasa kuna familia za wafugaji wa Kisukuma waliohamia kutoka Kanda ya Ziwa, ambao hawana unyago na wanaishi mbali na zahanati, nikamwomba rafiki yangu Helena tuongoze utafiti pamoja. Helena ni mkunga, amezaliwa katika familia ya wafugaji hao, na akina mama wa kwao humpa maziwa kabla hajasema kilichompeleka. Mimi ananiita Profesa, ingawa cheti changu bado kimo kwenye bahasha.

Masharti ya ruzuku yanataka jamii ikubali kwanza, basi nikaenda Nambambo kwa Bi Sabaha, kungwi aliyenifunda mwenyewe, nikamkuta na wenzake wanapepeta ufuta. Nikapiga magoti nikaeleza yote, akasikiliza vizuri, akasema, "Mwanangu, nani atakataa wanawake wasife? Lakini huyo mwenzio kachezwa unyago wapi?"

Nikasema, "Kwao hawachezi, bibi."

"Ana miaka mingapi?"

"Thelathini na moja. Ana watoto wawili."

"Wawili! Kazaa mara mbili hajachezwa! Huyo si mkunga, huyo ni shujaa."

Wakacheka mpaka mmoja akamwaga ungo wake. Kisha Bi Sabaha akasema mtu ambaye hajachezwa hakai kikao cha makungwi, kwa hiyo Helena aje mwezi wa saba achezwe pamoja na wajukuu zake, na kanga ya kumtosha atatafutiwa, kubwa. Nikaaga palepale. Njiani kijana wa bodaboda akaniuliza kama nimefiwa.

Sasa Dada, nikimwambia Helena nitamdhalilisha, mkunga mzima kuambiwa akakae na mabinti waliomaliza darasa la saba juzi, na nisipomwambia nitamdanganya, na nikibishana na kungwi wangu nitaonekana chuo kimenifundisha kiburi. Nimewaza nimwandike Helena kama mkalimani tu, ili makungwi wasiwe na neno, lakini moyo unakataa. Nimewaza niwaache makungwi, lakini bila wao utafiti wenyewe haupo. Nimewaza niache kabisa. Ombi linafungwa mwisho wa mwezi, na kila jioni Helena ananipigia, "Profesa, bibi zako wamesemaje?" Namjibu wanafikiria, wakati anayefikiria ni mimi peke yangu. Jana akaniambia, "Ninyi watu wa korosho, hata kukubali jambo mnasubiri msimu," nikacheka naye, nilipokata simu nikalia. Nifanye nini?

Ninayewaza Mno, Nachingwea

*

Mdogo wangu Unayewaza Mno,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa huruma, mara ya pili nikicheka, unisamehe. Wazo lako ni zuri sana na sitaki life. Lakini siku ile Nambambo uliyaacha masikio chuoni.

Mimi nimefundwa upande wa Ruangwa, Nanganga, na nawajua wanawake hawa. Wakikataa mtu hawamtanii. Wananyamaza, wanakuuliza hali ya mama yako, wanakufungia karanga na kukusindikiza hadi barabarani, basi, imekwisha hiyo. Wewe umetajiwa mwezi na umeahidiwa kanga! Hiyo ilikuwa bei ya kwanza, kama ya kuku sokoni, na muuzaji alikuwa anasubiri utaje yako. Wewe ukapanda bodaboda.

Kosa lako kubwa liko kwingine. Umemwonea Helena aibu, umekasirika kwa niaba yake, umemlilia, umemshusha kuwa mkalimani, na mwenyewe hana habari! Nani kakwambia atadhalilika? Nimewaona wake za walimu waliohamia huku wakiomba wenyewe kufundwa, mtoto mgongoni, na wakatoka wakiwa na mashoga wapya. Huenda Helena akakubali kwa kicheko. Huenda akakataa, na hiyo ni haki yake, hakuna wa kumlazimisha. Lakini jibu ni lake.

Hilo la mkalimani lifute hata kichwani. Nani atakaa na akina mama wa Kilimarondo? Wewe, na Kisukuma chako ambacho nadhani kinaishia kwenye salamu ya "mwangaluka"?

Fanya hivi. Mpigie leo, mweleze kila kitu pamoja na kile kicheko, usiruke neno. Halafu nendeni wote wawili Nambambo, mchukue sukari na sabuni kama wageni wenye adabu, na Bi Sabaha akimuuliza Helena swali, wewe funga mdomo umwache ajibu. Mkunga aliyezoea kutuliza wanawake kwenye uchungu hatashindwa na bibi mwenye ungo.

Helena akikataa kuchezwa, mwombe Bi Sabaha jambo dogo: ya ndani yabaki ndani, Helena asiingie huko, na wewe usiandike hata mstari mmoja wa siri hizo kwenye ombi. Dalili za hatari si siri ya mtu. Zifundishwe kweupe, uwanja wa zahanati, makungwi wakiwa na mabinti zao na Helena akiwa na akina mama wa kwao, kisha kila upande uzipeleke nyumbani kwa njia yake. Mwambie kwa heshima kwamba mama anayetokwa damu haulizwi amechezwa wapi. Ameshakwambia hataki wanawake wafe, atakuelewa.

Na usingoje kila kitu kinyooke ndipo uandike. Utafiti wa awali ni wa kujaribu, andikeni wazi kwamba hili la vikao bado mnazungumza na wazee, wenye ruzuku si watoto. Lakini neno la kukubali la Bi Sabaha mlipate kwanza, na ombi mlitume mapema, maana mtandao hapo kwenu hutoweka siku unapohitajika.

Majina ya viongozi wa utafiti yawe mawili, juu kabisa, lako na la Helena. Sasa weka gazeti chini, mpigie.

Dada Aurelia