Alama ya Ng'ombe wa Katoo Kwenye Tisheti Zetu

Shangazi Nyakio wa ukurasa wa Jumapili, naomba msaada, na ujue leo unaombwa na mtu ambaye kwa kawaida ndiye huombwa.

Mimi naitwa Wanyonyi, niko Kitengela, natengeneza mabango na kuchapisha tisheti, shule niliachia kidato cha pili lakini nimetembea, Juba nimekaa, Goma nimekaa, Dubai nimekaa mpaka Waarabu wakanizoea, kwa hivyo mambo ya dunia siambiwi na mtu. Sasa mwaka jana niliangalia majirani zangu wa ploti, wote wanaamka saa kumi usiku kukimbilia kazi Nairobi, nikawauliza mmoja mmoja, "Wewe unaamka kwa sababu gani?" na kila mtu ananiambia rent. Nikaona hapana, mtu hawezi kuamka kwa sababu ya landlord, na landlord mwenyewe hiyo saa bado amelala. Nikafungua kikundi cha WhatsApp nikakiita Amka na Sababu, cha watu wanaotafuta kazi yenye maana kwao, si mshahara peke yake, na kila asubuhi mwanachama anaandika sababu yake ya siku hiyo. Shangazi, watu walimiminika. WhatsApp ikajaa, tukahamia Facebook, sasa tumepita elfu mbili, niko na watu Ngong, Kimuka, Isinya, mpaka niko na mmoja Qatar.

Kikundi kama hicho hakiwezi kukaa bila sura, na sura ndiyo kazi yangu, lakini nilitaka kitu hakijawahi kuonekana. Vijana wa kuchora wakaniletea tai, wakaniletea balbu, wakaniletea ngazi inaingia mawinguni, nikawaambia hizo wapelekee benki. Halafu Disemba nikaenda soko ya mifugo Bisil kutafuta mbuzi wa Krismasi, nikaona dume moja jekundu la ng'ombe limechomwa alama kwa paja, nusu duara na mistari miwili chini yake, na wallahi ni kama mtu anaamka kitandani anakanyaga chini! Nikapiga picha, mbuzi nikasahau. Kesho yake nikaichora safi, nikaipaka rangi ya chungwa, ikawa logo yetu. Tisheti, kofia, vikombe, stika za kutumiana kwa simu. Ukiingia kikundi unakaribishwa na stika, ukiandika neno zuri unapewa stika. Kuna watu wameipaka kwa mageti. Obura, admin mwenzangu, amejichora mkononi, ile ya sindano, haitoki.

Basi juzi mwanachama wetu Seleyian, mwalimu wa Kajiado, akaenda kwao Bisil na tisheti amevaa, na jioni nikapigiwa simu na baba yake.

"Ni wewe Wanyonyi?"

"Ndiye mimi, mwanzilishi."

"Mimi ni Katoo. Hiyo alama umevalisha watu ni ya ng'ombe zetu. Ni ya boma yetu tangu babu ya babu yangu."

Nikajaribu kuchekesha, unajua mimi sikosi maneno. Nikasema, "Mzee, si ni mistari tu?"

"Mistari tu? Sawa. Niletee ng'ombe yako nimchome mistari tu, halafu tuone utamchukua vipi."

Nikasema pole. Akaniambia, "Mimi sina ugomvi. Chenye kiko na hiyo alama ni chetu, na kikipotea sisi ndio tunatoka kutafuta. Sasa msichana wangu ananiambia niko na watu elfu mbili. Wamelala wapi leo?" Akacheka sana. Halafu akaacha kucheka. "Kuja Bisil uniambie. Usipokuja, toa alama yangu kwa hao watu."

Shangazi, uzinduzi wetu mkubwa wa hadharani ni Jumamosi, bango limeshachapishwa, refu kuliko duka langu. Obura anasema, "Boss, igeuze juu chini, nani atajua?" Seleyian akamjibu hapo hapo kwa kikundi cha maadmin, "Ng'ombe akilala chali pia alama inageuka, na bado ni wa baba." Na ubaya ni kwamba watu wameanza kunusa kwamba logo iko na mwenyewe, kwa sababu wiki hiyo hiyo Dolphine wa Isinya, yule aliacha kazi ya kufunga maua kwa kampuni ya maua akaanza kuoka keki, na tulimpigia makofi sana, aliandika asubuhi, "Leo sababu yangu sijaiona," nikamtumia stika ya kumpa moyo, na kufika jioni akatoka kwenye kikundi bila hata kwaheri, hiyo ni logo tu ilimvunja moyo.

Sasa niambie, nibadilishe, nigeuze, ama ninyamaze mpaka Jumamosi ipite? Elfu mbili wananiangalia, na hiki kitu ndicho kizuri nimewahi kufanya bila kutafuta faida. Na mkono wa Obura je?

Wanyonyi, Mwanzilishi, Kitengela.

*

Wanyonyi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka.

Umekaa Juba, Goma na Dubai, lakini Bisil, hapo chini ya barabara, ulienda kama mtalii: ukapiga picha ukarudi. Muuza mbuzi yeyote sokoni angekuambia alama ile ni ya nani. Hukumuuliza, kwa sababu umezoea kuwa wewe ndiye mwenye majibu. Hata hivyo, mtu anayewauliza majirani wanaamka kwa nini, akakaa kusikiliza, si mtu mbaya. Hilo nakupa. Pongezi zimeishia hapo.

Kuigeuza, hapana. Seleyian ameshakujibu, na sina la kuongeza. Kunyamaza, hapana. Bango likunje uliweke. Uende Bisil kabla ya Jumamosi, uende na Seleyian, mbebe sukari na majani chai kama watu wanaoingia boma la wenyewe, na hiyo tisheti uiache nyumbani. Ukifika, useme umekuja kuomba ulichopaswa kuomba Disemba. Habari za kikundi na mwanzilishi zingoje mpaka uulizwe. Akikubali, fuata masharti yake bila kujadiliana. Akikataa, alama itoke kwa tisheti, vikombe, mageti na simu, na uwaeleze watu wako sababu wewe mwenyewe, usimtume Obura. Kuchora unajua, utachora nyingine. Obura naye atazoea. Kati yenu wote, yeye sasa ndiye mtu ambaye akipotea, Katoo atajua pa kumrudisha.

Logo imeisha. Tuongee mambo.

Dolphine umemweka mwishoni mwa barua, katikati ya habari za bango na mkono wa Obura, na ukaamua peke yako kwamba alitoka kwa sababu ya mchoro. Nani alikuambia? Ulimpigia? Mwanamke aliacha mshahara wa maua kwa kuamini kikundi chako, mkampigia makofi, akaandika mbele ya watu elfu mbili kwamba leo sababu hajaiona, na mwenye kikundi akamtumia picha ya paja la ng'ombe.

Wanyonyi, Katoo hakukuuliza walipolala ili akuchekeshe. Kwake ukishaweka alama, kutafuta kilichopotea ni kazi yako, mvua au jua. Wewe ulichukua ile mistari ukaiacha hiyo kazi sokoni. Kwa hivyo ianze sasa. Ngong iwe na mtu wake, Kimuka iwe na mtu wake, na mwanachama akinyamaza apigiwe simu, kwa sauti, na mtu anayejua jina lake. Anayetaka kuacha kazi muulizeni kwanza atakula nini akingoja hiyo maana ije. Huwezi kuwashughulikia elfu mbili? Basi punguza, ubaki na unaoweza.

Na kwenda Bisil, barabara inapita Isinya. Shuka hapo kwanza. Usimpige Dolphine picha, usimwambie arudi kwenye kikundi, na ukae bila kutoa hotuba. Kama bado anaoka, nunua keki umpelekee Katoo pamoja na sukari. Kama anataka kurudi kufunga maua, msindikize mpaka getini na umshikie mkoba.

Halafu endelea na safari. Katoo atakuuliza tena watu wako wamelala wapi, na safari hii alipolala mmoja utakuwa unapajua.

Shangazi Nyakio