Siku Kumi, Jumapili Hazihesabiwi

Jumatatu, 18 Julai 1955

Seneti imepitisha! Mswada wa kumruhusu Settimio abaki nchini — ukurasa mmoja, jina la mume wangu juu kama tangazo la sinema. Baraza la Wawakilishi lilishapitisha mwezi uliopita.

Yote kwa ajili ya magunia mawili ya makaa. Aliyaiba Genoa wakati wa vita, ana miaka kumi na tisa, mamake anatetemeka kwa baridi. Akafungwa miezi minne. Mwizi hapati ukaazi Marekani, basi. Jaji wa hapa Baltimore alifuta miwani mara mbili, akasema anamhurumia, lakini kazi yake ni kusoma sheria, si kuiandika. Nendeni kwa walioiandika. Tukaenda.

Miaka miwili mswada umelala kwenye kamati. Bi. Lathrop, katibu wa mbunge wetu, alinionya: uache ulale. Ukiwa unangoja, watu wa Uhamiaji hawamgusi mtu. Si sheria, ni desturi tu, wanaheshimiana na Bunge. Nikamwambia siwezi kulala na mume aliyeegemezwa kwenye desturi. Nikafunga duka langu la dobi siku tatu, nikaenda kukaa ofisini kwa Mheshimiwa mpaka aliponiona. Nilianza na pasi moja, leo nina mashine nne. Hakuna iliyokuja kwa kungoja.

Bado sahihi ya Rais tu. Settimio kanunua tikiti maji zima.

Jumanne, 26 Julai

Haujafika Ikulu! Siku nane! Bi. Lathrop anasema unachapwa kwenye karatasi ya heshima, kisha asaini Spika, kisha asaini wa Seneti, na mmoja wao kasafiri. Kwangu siku nane ni mashati elfu moja na mia mbili. Kwao ukurasa mmoja.

Alhamisi, 28 Julai

Umefika. Saa tisa mchana.

Jumamosi, 30 Julai

Bi. Lathrop kapiga simu mwenyewe, leo si siku ya kazi. Nikajua si heri.

Rais ana siku kumi, Jumapili hazihesabiwi. Akinyamaza na Bunge limekaa, mswada unakuwa sheria bila yeye. Akinyamaza na Bunge limefunga — umekufa. Na Bunge linafunga Jumanne hii.

Nimehesabu kwenye karatasi ya kufungia mashati. Siku ya kumi ni Jumanne ijayo, tarehe tisa. Ungefika Ikulu tarehe ishirini, siku ya kumi ingekuwa keshokutwa, Bunge bado lipo, ukimya wake ungetuokoa. Ukimya uleule! Tofauti ni mtu mmoja aliyesafiri.

Nikauliza, na akikataa waziwazi kabla hawajafunga? Akasema theluthi mbili ya kila baraza wanaweza kumpinga. Nani atakusanya theluthi mbili kwa magunia mawili?

Njia ipo. Mabaraza mawili yamwombe Rais aurudishe, ulale tena mpaka mwakani. Mheshimiwa yuko tayari. Jibu kabla ya Jumatatu saa nne asubuhi.

Jumapili, 31 Julai

Haihesabiwi. Tumegombana kama inayohesabiwa.

Settimio alikuwa anasugua ngazi za mbele. Nikamwambia turudishe.

"Ersilia, tangu tuoane mimi ni mswada."

"Afadhali mswada kitandani kwangu kuliko mume Genoa."

Akacheka mpaka jirani akachungulia. Kisha akaacha brashi. Kasema amechoka kufichwa kwenye droo ya watu. Anataka wamjibu. Hata hapana ni jibu.

"Lakini Rais anaruhusiwa asijibu, mume wangu! Ndiyo sheria yenyewe!"

"Basi asijibu. Na yeye ni mtu mmoja, meza yake imejaa. Sisi tumegonga milango yote. Kuna mwingine unaoujua?"

Sikuujua.

Jumatatu, 1 Agosti

Saa tatu na nusu nimempigia Bi. Lathrop: msiurudishe. Akasema: "Bi. Bragaglia, nipo hapa miaka kumi na sita, na sijui mimi ningesema nini." Nilikuwa nimejiandaa kumfokea. Nikamshukuru.

Jumanne, 2 Agosti

Wamefunga. Siku ya nne.

Jumamosi, 6 Agosti

Ya nane. Kaja mtu wa Uhamiaji, mpole, kofia mkononi, jasho tele. Anauliza tu kama anwani ni ileile. Settimio kampa kiti na maji baridi. Nikamuuliza anawajua wangapi waliopona siku ya kumi. Kasema yeye hupewa majina ya wale wengine tu.

Mlangoni akageuka: mswada ukifa, desturi nayo imekwisha. Kasema kama anayeomba radhi. Nilitaka kumchukia, sikuweza hata hilo.

Jumanne, 9 Agosti

Ya kumi.

Saa tano asubuhi, Bi. Lathrop: Rais kasaini miswada thelathini na mmoja leo, wetu haumo. Kumi na saba bado iko mezani. Uhamiaji wamempelekea ushauri wao. Bi. Lathrop hajui unasema nini. Rais ana muda mpaka saa sita usiku.

Saa nane: imebaki kumi na miwili, wetu bado umo.

Saa kumi sasa. Naandika kwenye kaunta, nyuma ya mashine. Mzee Pfeiffer kaleta mashati sita, harusi ya binti yake ni Ijumaa. Anauliza yatakuwa tayari lini.

"Alhamisi, mzee," Settimio kamwambia. "Nitakuletea mwenyewe."

"Mwenyewe? Usinitumie mtu tena."

"Mwenyewe."

Hakunitazama. Anafungua kola moja moja, anatia alama. Mimi ninayehesabu kila kitu nimeyachukua yale sita, nikayaweka rafu ya Alhamisi.