Bata Bukini wa Mama

Kijiji cha Yangi Kul,
Mkoa wa Chelyabinsk, Urusi.
14 Novemba 2011

Mpendwa mdogo wangu Fanzil,

Assalaam aleikum. Hujambo huko Kazan? Wifi Lyaysan anaendeleaje na ujauzito, kichefuchefu kimepungua? Sisi tu wazima, ila goti linamsumbua Mama tangu theluji ianze, na kukaa kitako hataki.

Wiki iliyopita waling'oa lile bango la hatari ya mionzi lililokuwa darajani tangu utoto wetu. Nikauliza, nikaambiwa linakwenda kupakwa rangi. Rangi gani hiyo, Fanzil? Mpaka leo bango halijarudi.

Wiki hiyohiyo akaja bwana mmoja wa kupima mionzi, mtanashati, viatu vinang'aa. Akasimama mbele ya duka, kwenye lami mpya, akainamisha kimashine chake, akatutangazia kwamba sumu iliyomwagwa mtoni na kile kiwanda enzi za bibi imekwisha nguvu. Nikamwambia, "Basi twende ukapime kwenye matope, ng'ombe wanakonywa maji." Akatazama viatu vyake. Eti muda hauruhusu.

Mama unamjua, akamvuta ndani anywe chai. Samovari inachemka, mkate wa viazi uko mezani. Bwana akashukuru weee, kisha akafungua mkoba akatoa chupa yake mwenyewe ya chai! Mama alikasirika, usiombe. "Mgeni gani huyu anakuja na chai yake? Kwani mimi mchawi?" Mimi sikukasirika, niliogopa.

Jumamosi majirani walikuja kutusaidia kunyonyoa bata bukini, kama kila mwaka. Tuliimba, tukataniana, manyoya mpaka kwenye nyusi. Nami nikajigamba kwamba wetu ni wa kuliwa bila wasiwasi, maana tangu ulipooa nawafungia uani na kuwanywesha maji ya bomba.

Mama akaangua kicheko. "Uani wapi! Ukienda kukamua tu, mimi nawafungulia. Bata asiyeoga anakonda, mwanangu. Kila kiangazi wako mtoni, na nyie mnawala mnawasifia. Sasa na yule bwana si kasema hakuna neno?"

Wenzangu walicheka. Mimi nikakaa chini na bata mkononi. Kila mwaka nimekuwa nikiwatumia ninyi wale walionona zaidi, na kila mara nakuapia kwenye simu kwamba hawajagusa ule mto.

Mwaka huu hakuna mzigo, usiende kuungoja stesheni. Mama akikupigia kukuahidi, mwitikie tu, halafu usile chochote atakachopenyeza kwa watu.

Nisalimie Mjomba Ilgiz na watoto wake. Mama anawasalimu sana, ila hajui nimeandika haya.

Jambo moja la mwisho. Nikimuuliza wifi bata walikuwaje, siku zote hujibu haraka haraka, "Watamu sana, wifi," kisha anageuza maneno. Nimemshuku muda mrefu kwamba anawatupa, na nimemsema kwa majirani kuwa ana maringo ya mjini. Muulize, Fanzil, kwa upole, asione aibu. Halafu uniandikie upesi kwamba ni kweli, aliwatupa, wote, hata supu hakuonja. Nakuomba.

Mungu amlinde yeye na huyo aliye tumboni.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kukuwaza,
Razilya