Chandarua cha Viazi

Kwako Mama Tumaini,

Mvua zimeanza. Nakuandikia nikiwa jikoni kwa sababu ndiko kwenye moto. Watu wananisifu kwamba nimevumilia. Sijui wanaona nini. Naamka, nakamua ng'ombe, nakunywa chai, nalala.

Juzi nilikikunjua kile chandarua. Unakumbuka siku tulipokinunua Makambako? Serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria, na maduka tuliyoyazoea yakiwa na rafu tupu yalikuwa yamejaa bidhaa mpaka barazani. Mzee Salumu mwenye duka, ambaye lori lake lilikuwa likija kuchukua viazi vyetu, alikutazama juu ya miwani yake.

"Mama, na baridi ile ya Njombe, mbu wenu wanavaa makoti?"

"Si chetu, ni cha viazi."

"Viazi vinalala kwenye chandarua?"

"Na vinaogeshwa kwanza. Punguza bei, shemeji."

Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la chumvi. Akapunguza.

Wakati ule viazi vya kijiji kizima vilikuwa vinanyauka shambani vingali vibichi. Ukikata kiazi, kinatoa kama usaha. Tulikuwa tunapeana mbegu kwa upendo, jirani kwa jirani, na ugonjwa unakwenda na mbegu. Ndipo bwana shamba alipokuletea ile miche ndani ya chupa, myembamba kama nyuzi, imeota juu ya kitu kama uji mzito. Alisema imekuzwa maabara kutoka kwenye kipande kidogo cha mche mzima usio na ugonjwa, na kwamba haijawahi kugusa udongo. Uliishika ile chupa kwa mikono miwili njia nzima. Chandarua kilikuwa cha kuzuia vidukari, wale wadudu wadogo wanaosambaza magonjwa.

Tangu hapo hakuna aliyeingia kwenye kitalu chako bila kuvua viatu na kunawa. Hata mchungaji wetu alipokuja kutazama ulimwambia, "Kamwene, Baba Mchungaji. Viatu hapo, sabuni hii hapa." Akanawa kama mtoto. Ulikuwa mpole kwa kila mtu, ila si kwa mikono michafu.

Mavuno ya kwanza yalikuwa viazi vidogo kama gololi. Ukavipanda tena vyote. Msimu uliofuata vilikuwa viazi kweli, na nilikuomba kimoja tu nionje.

"Utakula mwakani, baba," ulisema, "pamoja na watu wote."

Ulikuwa umewaahidi akina mama wa kikundi cha kanisani kwamba mvua zikianza kila mmoja atapata ndoo yake ya mbegu. Ukavitandaza chumba cha nyuma, penye mwanga wa dirisha, vipate rangi ya kijani na vichipue. Halafu kifua kikakubana, tukakupeleka hospitali, tukakurudisha ukiwa umelala nyuma ya pikapu.

Desturi unaijua. Mfiwa haulizwi kitu. Wageni walikuwa wengi, na waliokuwa wakipika walifungua chumba cha nyuma wakakuta viazi. Walimenya maganda manene kwa sababu ya ule ukijani. Mimi nililetewa sahani, nikala. Nilijua baadaye, nilipoingia kutafuta blanketi nikakuta sakafu tupu. Nikarudi kukaa mahali pangu. Nilijaribu kukumbuka ladha yake, sikuikumbuka.

Mama Neema wa kikundi alipotambua, alikuja akapiga magoti mbele yangu.

"Shemeji, tumekula mbegu yetu."

Nikamwambia, "Mmepika vizuri."

Ndilo jibu nililokuwa nalo. Alilia sana. Mimi sijalia bado, hata siku ya kukuzika sikulia.

Sasa, wiki hii, nyuma ya jiko kwenye shimo la taka, yale maganda yamechipua. Nilimwita bwana shamba. Alichuchumaa, akatazama kwa muda mrefu.

"Mzee, hapa yamechanganyika na maganda ya viazi ambavyo watu walikuja navyo msibani. Siwezi kusema ni safi. Kwa utaratibu, ng'oa yote."

"Na chupa nyingine?"

"Mradi umehamia wilaya nyingine. Sitaki kukudanganya."

Ni kweli alivyosema, hata wewe ungesema hivyohivyo. Lakini alipofika kwenye baiskeli yake aligeuka. "Kama huwezi kung'oa, basi mbegu yake isitoke hapa mpaka tuone. Ukiona mche umenyauka, uondoe na udongo wake."

Kwa hiyo jana asubuhi nilivua viatu, nikanawa kwa sabuni, nikapeleka chandarua. Mama Neema alikuwa anapita nje ya ua akasimama.

"Shemeji, unafunika taka?"

"Nawa kwanza, ndipo uje."

Alinitazama, kisha akaacha kandambili zake penye nyasi. Akanawa. Alishika pembe za upande wake, nami za upande wangu, tukatandaza juu ya shimo la taka. Sijui miche ipi ni yako na ipi ya wageni. Inafanana yote. Nitaikagua kila asubuhi kama ulivyokuwa ukifanya.

Tulisimama pale mpaka mvua ikaanza tena. Tope lilikuwa baridi sana miguuni, Mama Tumaini. Nililisikia.

Sabuni nimeiacha palepale ulipokuwa unaiweka.

Mumeo,
Baba Tumaini